Mapapai Chini ya Kitanda

Wajukuu wangu wanadhani jina la Papa Kifua nilipewa kwa ajili ya sauti yangu kanisani, na kwa miaka mingi nimewaacha wadhani hivyo, Mungu anisamehe, lakini leo nimezeeka vya kutosha kuona haya mbele ya watu bila kufa, kwa hiyo sikilizeni.

Ilikuwa wakati kampuni ya migodi ilipoanguka. Mishahara ilikatika (mwanzo tulikuwa tunakwenda kazini na kurudi mikono mitupu, baadaye hata kwenda tukaacha), na wakubwa wakasema nyumba za kambi wauziwe wafanyakazi wanaokaa ndani, bei ikatwe kwenye mishahara tuliyokuwa tunadai. Katika nyumba ile nilikuwa nimekaa tangu nioe. Kitu kimoja tu nilikiomba kwa magoti: nisife bila kuwa na ukuta wangu.

Sasa kulikuwa na sheria, kwamba nyumba ambayo moshi wa kiwanda umeiharibia udongo inapunguziwa bei, na jirani yangu Ilunga alikuwa amepunguziwa nusu nzima. Nikamwuliza amefanyaje.

"Papa, banaangalia miti," akaniambia juu ya ua uliotutenga. "Mupapai yangu ilikufa. Yako inazaa tu kama haina akili."

Kweli mpapai wangu ulijaa matunda mpaka ukainama. Kila asubuhi nilikuwa namshukuru Mungu kwa ajili yake, na asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, nikaona amezidisha. Ndipo nikakata shauri langu dogo. Siku komisyo ya kukagua nyumba ilipopaswa kupita kwetu niliamka mapema, nikachuma mapapai yote, nikayasukuma chini ya kitanda, nikakata majani, nikapaka shina majivu ya mbabula, jiko letu la makaa. Mke wangu, Mama Régine, alisimama mlangoni na ufagio wake, akinitazama.

"Muzee wa kanisa," akasema, "unavula muti ya Mungu manguo?"

"Nyamaza, mama, ni juu ya nyumba."

Laiti ningeishia hapo! Lakini mkubwa wa komisyo alipoingia, mtu mwembamba mwenye karatasi nyingi, aliutazama mti bila kuandika kitu, nami nikaona nimsaidie. Nikakohoa. Akainua kalamu. Nikakohoa tena, nikajishika kifua, nikaegemea ukuta, na kwa kuwa Shetani hafanyi kazi nusu, nikamwambia nyumba nzima tunakohoa hivyo hivyo, hata kulala hatulali.

Akaandika, akaandika. Kisha akatoa kopo la rangi nyekundu akachora alama kubwa ukutani, ile ambayo kila mtu wa mji huu anaijua.

"Mukubwa, ni nini?"

"Papa, kama moshi inaharibu muti, tunapunguza bei. Kama inaharibu bantu, tunabomoa nyumba. Muko na majuma mbili ya kutoka."

Nikamwambia nimepona. Akasema pole sana, akaenda zake.

Habari ikafika kanisani kabla yangu. Jioni akina mama wa maombi wakaja, wakaniwekea mikono kifuani, wakalia machozi ya kweli, na mimi (nisamehewe) nikakohoa kidogo ili wasione wamekuja bure. Mama Régine akatoka nje haraka. Kama alikwenda kucheka au kulia, mpaka leo hajaniambia.

Siku ya pili nikashindwa kuubeba uongo ule. Nikamfuata yule mkubwa ofisini, nikamsihi arudi, maana mimi ni mzima kabisa. Akarudi Jumamosi, na nyuma yake avenue nzima, majirani wa njia yetu yote, kwa sababu watu wasio na kazi wana nafasi ya kila kitu.

"Papa, kifua iko muzima?"

"Muzima, mukubwa."

"Banasema weye njo unaongozaka korali. Imba."

Nikaimba. Nikaimba beti zote nne za wimbo wetu wa kwaya mbele ya ile alama nyekundu, kama mtu anayeuzuia ukuta wa Yeriko usianguke, na neno la mwisho nikalishika mpaka mbwa wa Ilunga akanipokea. Watu wakapiga makofi. Mkubwa hakupiga.

"Kifua nimesikia. Na muti?"

Hapo mke wangu, bila kuulizwa, akaingia ndani, akatoka na beseni kichwani, na harufu ya mapapai yaliyoivia chini ya kitanda cha mzee wa kanisa ikajaa njia yote.

"Muti iko hapa," akasema.

Nikaungama yote: majani, majivu, kikohozi. Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini, na Ilunga ndiye aliyepaza sauti, "Papa Kifua!" Mtu mmoja tu hakucheka, Mama Anastazia wa njia ya chini, kule moshi unakoshukia moja kwa moja, ambaye kikohozi chake tulikuwa tumekisikia miaka mingi. Alinitazama, akakohoa, kikohozi chake cha kweli, akaondoka. Kicheko cha wale wengine nimekwisha kukisahau.

Mkubwa akakata papai, akala, akatema mbegu kwenye udongo. "Tamu. Bulongo ya kuzaa hivi, bei yake ni yote." Kisha akatazama juu ya ua. "Na huku? Si ni bulongo moja?" Ilunga akajirudisha nyuma ya watu. (Mpapai wake, ikajulikana, ulikufa kwa maji ya moto.)

Nyumba niliinunua kwa bei kamili, ikameza kila mshahara niliodai, na nikashukuru. Mapapai yaliyobaki nilimpelekea Mama Anastazia. Aliyapokea. Tangu siku ile niliapa kwamba baraka sitaionea haya tena, wala ugonjwa wa mwenzangu sitauvaa kama koti la kuazima.

Alama tuliipaka chokaa, lakini mvua zikianza inarudi. Na kila Jumapili nikisimama kuanzisha wimbo, Ilunga, kule benchi la nyuma, anakohoa mara moja, polepole, kwa heshima. Ninamngoja amalize. Halafu naanza.