Kwa Nini Naiogopa Baridi ya Suna

Siku yangu ya kwanza kazini Homa Bay, hakuna aliyenionyesha mtoto wala kitanda. Muuguzi Mkuu wa Wilaya, mama wa sauti ya chini aliyetembea polepole, alinipeleka moja kwa moja hadi chumba cha chanjo akaniambia niweke kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa umeshika moto kama sufuria iliyotoka mekoni, na asubuhi yenyewe ilikuwa bado changa.

"Umesikia?"

"Nimesikia, madam."

"Huyo ndiye adui yako. Watu watakwambia Homa Bay ni mji mzuri, una ziwa, una samaki. Wewe usisikize. Dawa yetu inakufa na joto, na ikikufa haiinuki. Wewe hutajua, mama hatajua, mpaka ugonjwa uingie kwao."

Maneno hayo yalinitia hofu ambayo haijanitoka mpaka leo nikiwa na mvi.

Kazi hiyo tuliiita mnyororo wa baridi, yaani kuitunza chanjo katika ubaridi wake tangu ghala kuu hadi kwenye paja la mtoto. Ubaridi ukikatika mahali pamoja tu, jasho lote la nyuma limekwenda bure. Tulikuwa na friji, na tulikuwa na sanduku la baridi, kasha la plastiki nene lenye mkanda wa begani ambalo ndani yake tulipanga pakiti za barafu. Nasikia wauguzi wa siku hizi wana friji za jua zinazolia zikipata joto. Enzi zetu, katika miaka ya tisini, kilicholia ni matumbo yetu.

Kwa hiyo mkiniuliza ni mji gani una hali ya hewa nzuri na upi una mbaya, msitarajie jibu la mtalii. Mimi miji naijua kwa barafu. Homa Bay ilinimalizia barafu kabla sijamaliza foleni ya akina mama, na upepo wa ziwa ambao wageni huusifia ulikuja jioni, wakati kazi imekwisha na hasara imeshaingia. Rodi Kopany, nilikohamishiwa baadaye, asubuhi zake hazina neno. Alasiri mvua inashuka bila adabu, udongo mweusi unashika magurudumu, nawe unakaa garini umekumbatia sanduku, ukiwaza barafu inavyoyeyuka kidogo kidogo na hakuna la kufanya.

Dereva wetu, Mzee Okeyo, alikuwa na maoni yake juu ya kila mji na hakuyaficha.

"Sista, ngoja wakupeleke Suna," aliniambia siku moja tumekwama hapo Rodi. "Suna ndio kuna hali ya hewa ya binadamu. Asubuhi unavaa sweta. Barafu yako italala usingizi."

"Na Sori je, kule ufuoni?"

"Sori wacha tu. Jua ya Sori inakausha omena kabla ijue imetoka kwa maji."

Nilicheka nikiwawaza dagaa hao wadogo, lakini moyoni niliiombea hiyo Suna. Na barua ya uhamisho ilipokuja, ikinituma zahanati moja ndogo upande huo wa mji wa Migori, nilifurahi kama msichana. Nilifika mvua ndefu zikiwa zimeanza. Kulikuwa na ukungu na baridi tamu, na usiku nilijifunika blanketi mbili. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nililala bila kuiota friji.

Sasa niwaeleze friji ile, maana ndiyo iliyotutenda. Ilitumia mafuta ya taa. Chini kulikuwa na utambi, na jambo la ajabu ni kwamba ukiongeza moto huko chini, baridi inazidi huko juu. Sisi sote wa wilaya zile tulifundishwa kazi na joto. Tulijua kuongeza moto jua likizidi, na hakuna aliyewahi kutufundisha kuupunguza mvua ikija. Hivyo wakati wa kiangazi utambi ulikuwa umepandishwa, mvua zikaingia, mji ukapoa, na moto ukabaki palepale.

Wiki yangu ya kwanza Suna tulibeba chanjo kutoka friji ile tukashuka hadi kliniki ya Sori, chini ya paa la bati la kanisa. Mama wa kwanza kwenye benchi alikuwa Nyar Kadem, yaani binti wa Kadem, kama walivyomwita kwa kuwa alizaliwa huko na kuolewa pale ziwani. Aliuza omena. Mwaka uliotangulia alizika mtoto kwa kifaduro, kile kikohozi kinachomkata mtoto pumzi, na sasa alikuwa amempakata mwingine, msichana wa miezi michache.

Nilichukua chupa ya sindano ya kifaduro nikaitikisa, kama nilivyozoea. Chanjo nzima hubaki na weupe wa maziwa. Hii ilikatika vipande vidogo, vikazama chini, maji yakabaki juu. Nilijaribu ya pili, ikawa vilevile. Dawa hii ikishaganda imekufa, hata ukiiyeyusha. Niliziweka chupa zote mbili pembeni.

"Nyar Kadem, leo mtoto atapata matone ya polio peke yake. Hayo hayaharibiki na baridi. Sindano utarudia wiki ijayo."

"Kwa nini?"

"Dawa imeharibika. Iliganda."

Aliwageukia wenzake, kisha akanitazama. "Iliganda? Sista, baridi iko wapi? Si unaona hii jua?"

"Iliganda huko Suna, mama."

"Mimi nilizika mtoto juu ya hiyo kikohozi, na hapa wote wanajua. Wewe dunga tu. Ikikataa, ikatae."

"Ikikataa hutajua kama imekataa. Utakaa ukifikiri mtoto ako sawa."

Aliondoka bila kuniaga. Wengine wakamfuata, wakinung'unika.

Niliporudi, Muuguzi Msimamizi wa Migori alisikiliza yote huku ameshika kichwa. "Teremsha huo moto," alisema. "Halafu tuwatafute wote waliodungwa tangu mvua ianze. Wacha watucheke, lakini warudi."

Kabla hatujarudi Sori, mvua ilikata barabara. Habari zikatufikia kwamba kifaduro kimeonekana tena ufuoni. Sitaficha, niliogopa hata kula. Kila nyumba niliyopita nilisikia kikohozi, na kila kikohozi nilikipa sura ya yule msichana.

Barabara ilipofunguka tulikwenda na dawa mpya. Benchi lilikuwa nusu tupu, kwani lilikuwa limeenea neno kwamba sista wa Suna hufukuza watu. Nilidunga wachache waliokuja, jicho langu likiwa mlangoni. Nilikuwa nafunga sanduku Nyar Kadem alipoingia.

"Nilikuwa hapo nje," alisema. "Nilitaka kuona kama wengine watadungwa." Hakuniruhusu kumshika mtoto. Aliionyesha chupa kwa kidevu. "Tikisa kwanza."

Niliitikisa nikaiweka mezani. Tuliinama wote wawili, vichwa vikikaribia kugusana, tukaitazama kwa muda mrefu. Ilibaki nyeupe kama maziwa. Ndipo akafungua shuka, na mtoto alipolia kwa sindano, mimi pia nililia.

Sasa nimestaafu, na nimejenga Homa Bay. Wanangu wananishangaa. Wanasema ningejenga Suna, kwenye hewa nzuri, mtu mzee apumzike. Nawajibu kwamba joto la Homa Bay linakuamsha na kukuambia linataka kukuharibia. Baridi ya Suna ilitubembeleza tukasinzia. Kwangu huo ndio mji wenye hali mbaya kuliko yote, na najua hakuna atakayekubaliana nami.

Maana wale waliodungwa Suna kabla sijaitikisa chupa ile, tuliwaita warudi kwa redio, kwa makanisa, kwa machifu. Wengi walirudi. Wengine walikuwa wameshahama na hatukuwapata. Leo ni watu wazima, kama wapo. Nikienda soko la Suna na nikasikia mtu wa rika lao akikohoa, nasimama, nasikiliza mpaka anyamaze.