Beseni la Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mpakani Tunduma, nilidanganywa kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa mpimaji msaidizi. Kazi yetu ilikuwa kuchukua sampuli, yaani sehemu ndogo ya mzigo inayopelekwa maabara kuusemea mzigo wote. Mchuuzi mmoja wa samaki akaninyooshea wa juu kabisa. "Mukwai," akaniita kwa heshima ya kwao, "chukua huyu, bado freshi." Nikampokea na kushukuru. Msimamizi wa Kituo akaja, akapekua tenga mpaka chini, akatoa samaki waliooza.

"Mpimaji hapewi," akaniambia. "Mpimaji anachagua mwenyewe. Ukipewa kitu mkononi, jiulize kwa nini."

Nilijiuliza miaka yote. Nilipohamishiwa Chitete kupima visima, nilimshuku hata dereva wetu akiligusa deli la barafu lenye sampuli. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa upande wa Mbangala. Mto wa huko unapita kwenye mialo, sehemu wanakoosha mchanga wa dhahabu kwa zebaki, kisha unatanuka na kuwa tope kabla ya kuingia ziwani. Katika tope lile wanaishi kome. Kome hana mengi: anavuta maji, anayachuja, anayatema. Zebaki iliyomo inabaki kwenye nyama yake, na kadiri anavyoishi ndivyo inavyozidi. Hilo nilikuwa nalijua vizuri kabisa, na ndilo linaloniuma.

Mkuu wa Maabara alinikabidhi chupa zenye mdomo mwembamba. "Usimpasue huko mtoni," akaniagiza, "kisu kitachafua sampuli. Mlete mzima." Basi nikawa naokota wanaopita kwenye mdomo wa chupa. Majibu yakarudi: salama. Mwaka uliofuata, salama tena. Nilimshuku mwenye mwalo kwamba amehonga, nikaishuku na maabara. Nilifunga chupa kwa lakiri na kuzisindikiza mwenyewe. Salama.

Pale mtoni alikuwepo Mama Kulwa, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake. Binti yake alikuwa mjamzito, na kwao supu ya kome ilikuwa chakula cha wajawazito. Siku moja alinijia na beseni la bluu lililojaa kome wakubwa kama kiganja.

"Afisa, pima na hawa. Wadogo sisi tunawarudisha majini. Tunakula hawa."

Nililitazama beseni na nikaliona tenga la Tunduma. Nani kamtuma? Kawatoa mto gani?

"Mama, mimi sipokei. Nachagua mwenyewe."

"Haya. Sasa binti yangu ale, asile?"

"Majibu yanasema salama. Ale tu."

Mwaka uliofuata alikuja Mkuu mpya wa Idara, mama mpole asiyemshuku mtu. Aliziangalia chupa zangu, akaniuliza, "Mzee, wanakula wanaoingia humu?" Nikamsimulia habari za beseni la bluu. Tulipeleka wakubwa, wamefungwa kwenye mifuko. Majibu yaliporudi, zebaki ilikuwa imepita kiwango mbali sana. Tukatangaza kijiji kizima kwamba kome wasiliwe. Hakuna aliyenihonga wala kuzibadilisha chupa zangu. Nilikuwa nimechagua mwenyewe.

Baada ya kustaafu nilishindwa kukaa, nikaenda kwa Mama Kulwa. Mjukuu wake, Limi, mtoto wa binti yule, ana miaka minne na hajatamka neno. Daktari anasema huenda ni zebaki, huenda siyo. Nilimwomba Mama Kulwa msamaha, nikalia, mzee mzima.

"Nilikuletea mkononi," akasema.

"Uliniletea, mama."

Nyinyi mnaoanza kazi hii mtafundishwa kushuku, na ni sawa, mizigo ya uongo ipo. Lakini anayekula kitu kila siku anakijua kuliko chupa yenu. Muulizeni kwanza anakula nini.

Nilipoaga, Limi alitoka ndani amebeba beseni lile lile la bluu. Safari hii lilikuwa na karanga. Alilishika kwa mikono miwili, akaninyooshea, akanitazama. Nilipiga magoti nikalipokea, na sikupekua chini.