Gari la Meneja Mlangoni kwa Mkwe

Siku ya kwanza nilipoingia gereji ya mabasi pale Temeke, fundi mkuu, Mgoa mmoja mpole, hakunipa spana. Alinipeleka kwenye basi lililokuwa limewashwa, akaniambia nisikilize. Dereva akikanyaga akseleta, injini ilinguruma vizuri. Akiondoa mguu, gari zima lilitetemeka, likakohoa, likazimika.

"Watu watakwambia petroli mbaya," alisema. "Wewe anza na hewa. Angalia inapoingilia."

Wakati ule barabara ya Mbagala ilikuwa vumbi tupu, na injini zilivuta vumbi hilo kutwa. Juu ya kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, hukaa kichujio. Vya wakati wetu vilikuwa na wavu wa waya uliolowa oili ili unase vumbi. Wavu ukijaa, injini hukosa pumzi. Chini yake, kwenye koo la kabureta, kuna kibati cha duara kinachofunguka unapokanyaga akseleta. Masizi yakigandia ukingoni, ile hewa kidogo inayotakiwa gari likiwa limesimama haipiti sawasawa. Unafungua, unaosha kwa petroli, unapangusa kwa kitambaa laini bila kukwangua, unakausha, unarudisha. Mafundi wavivu walikaza skrubu tu ili injini iende mbio, na baada ya muda gari lilirudi na ugonjwa ule ule.

Mgoa alipoondoka tukaletewa Meneja, Mwingereza mrefu asiyependa maneno mengi. Gari lake dogo hakutaka liguswe na mwingine ila mie, na kwa hilo nilijiona mtu. Nilipopata mchumba Mtoni, Mwanahawa binti Selemani, nilimwalika Meneja harusini. Baba yake Mwanahawa alikuwa na duka la nguo, mtu wa heshima zake, na nilijua hakufurahia sana posa ya fundi wa gereji. Nilitaka aone wakubwa wangu wanavyonithamini.

Meneja alikuja kweli, yeye na mkewe. Wakapewa viti barazani, wakanywa sharubati, kisha wakaaga kabla ndoa haijafungwa. Mie nilikuwa nimeketi mkekani mbele ya shehe, nimevaa kanzu mpya na joho la kuazima. Nikasikia gari likiwashwa, likatetemeka, likazima. Likawashwa tena, likazima tena. Niliijua sauti ile, nikainamisha uso.

"Salumu!" Meneja aliita kutoka barabarani. "Kuja hapa. Angalia gari."

Watu wote wakanigeukia. Shehe akamtazama mkwe wangu, na mkwe wangu akatazama chini.

"Bwana, naoa sasa hivi," nilisema kwa sauti ndogo.

"Memsahibu anaungua jua. Kuja upesi."

Nikasimama. Ningekataa, kesho yake nisingekuwa na kazi, na mwanamume asiye na kazi angeoa nini? Nikavua joho, nikakunja mikono ya kanzu, nikafungua boneti mbele ya wakwe, mashangazi na majirani. Mtu mmoja akanipa kipande cha kanga kuukuu. Wavu ulikuwa umezibwa na tope la oili na vumbi. Nikauosha, nikapangusa lile koo na kibati chake, nikarudisha. Kanzu ilikuwa imeingia weusi kifuani.

Injini ikawaka, ikatulia kabisa, na hapo ndipo nilipotabasamu. Nilijikuta nimefurahi. Meneja akasema, "Vizuri, boi," akaondoka. Nikabaki nimesimama kwenye vumbi lake na lile tabasamu bado mdomoni, nikatamani ardhi inimeze.

Ndoa ikafungwa. Mzee Selemani aliniozesha bila kunitazama machoni. Na tangu siku ile hadi anafariki, kila sikukuu nilipokwenda dukani kumwamkia alijibu shikamoo yangu akiwa amegeukia vitambaa vyake. Nikaamini ananidharau. Sikumlaumu.

Gereji ile ilibadilisha mameneja, nami nikawa fundi mkuu, nikawafundisha wengi kuanza na hewa. Nimestaafu nikiwa na macho mabovu na jina zuri. Ila habari za harusi yangu sikuwahi kumsimulia kijana yeyote.

Mwaka nilioacha kazi ndipo nilipopata ujasiri wa kumwambia mke wangu, "Baba yako hakunisamehe siku ile."

Mwanahawa alikuwa akichambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Akusamehe nini? Baba alilia ndani usiku ule. Alisema mgeni amemwamrisha bwana harusi mlangoni kwake, naye mwenye nyumba akanyamaza. Alisema hana uso wa kukutazama."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Aliona haya."

Nilitoka nikaketi barazani. Sikukuu zote zile nilikuwa nikiingia dukani kwa mzee yule nimeficha mikono yangu ya gereji ndani ya kanzu, asiione.