Diski ya Usingizi

Muziki wa roki mimi sikuupenda hata siku moja, na ninalisema mapema ili mtu asije kunigeuzia maneno baadaye. Nimekaa ukuta kwa ukuta na Fidélie tangu binti yangu Bénie akiwa mgongoni, hapa Kikula, Likasi, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, niliyoiunguza kwa sababu ya kelele zake ingetosha kulisha harusi. Lakini mtu ni jirani yangu. Wakija kumchomea nyumba, moshi utaingia kwangu pia.

Kazi yake Fidélie ni moteri za umeme zilizoungua. Baba yake alimwachia karakana hapo mbele ya uwanja, meza moja, koleo, na ujuzi. Kinu cha unga kikifa, pampu ikifa, wanamletea. Anatoa waya mweusi ulioungua, anazungusha waya mpya wa shaba, mzunguko baada ya mzunguko, miwani puani, mdomo umefungwa. Hata ukimsalimia hakujibu mpaka amalize mzunguko. Watu wanamwona ana majivuno. Mimi nasema ana waya mkononi, basi.

Gitaa lilikuwa la Jumapili. Yeye alipiga, Rolly alipiga ngoma, na Banza aliimba. Bendi iliitwa Chuma Moto. Banza alivunja mawe upande wa Kakontwe siku za kazi kama vijana wengi wa huku, mawe yale yanayosagwa kwa mashine ndogo mpaka vumbi linawafanya wote wazee wa mvi. Jumapili alinawa, akavaa koti la ngozi katika joto hili, akapanda jukwaani katika ukumbi wa baa, na sauti yake mimi niliisikia nikiwa kitandani na mto kichwani. Walikuwa na wimbo mmoja, "Nyundo". Vijana wa mawe waliuimba wakipiga meza kwa ngumi. Kelele tupu, lakini walikuwa na furaha, siwezi kukataa.

Halafu miaka saba iliyopita ikatoka ile diski.

Kwanza watu walidhani simu zao zimeharibika. Hakuna ngoma kubwa, hakuna gitaa la kulia. Gitaa kavu tu, lisilo na umeme, na Banza anaimba chini chini: maneno matatu, kimya, maneno manne, kimya. Kuna mzee mmoja wa avenue yetu aliitikisa redio yake akisema betri imekwisha. Wakaiita diski ya usingizi. Jumapili iliyofuata walipoipiga ukumbini, mifuko ya maji ilirushwa jukwaani, Rolly akatupa vijiti vyake akaondoka bila kurudi. Na lawama yote ikamwangukia Fidélie, kwa kuwa nyimbo alitunga yeye. Wakasema amenunuliwa na pasta. Wakasema ndivyo inavyokuwa ukimpa mwanamke bendi ya wanaume. Banza alisikia maneno hayo yote na hakufungua kinywa kumtetea. Hilo lilinichoma, na linanichoma hadi leo, marehemu anisamehe au asinisamehe.

Maana mimi nilijua. Ukuta wetu ni wa tofali moja. Nilimsikia Banza siku moja, diski haijatoka, akijaribu "Nyundo" katika karakana, akifika mstari wa pili na kuvunjika kwa kikohozi, anaanza tena, anavunjika tena. Kisha nikasikia anamwambia: "Fidélie, pumuzi yangu iliisha. Batu basijue. Babakie na Banza wa zamani." Fidélie akamwambia aache mawe, aje amfundishe kazi ya waya. Banza akacheka. Mwimbaji wa Chuma Moto akae anazungusha uzi? Akamwapisha asimwambie mtu, hata Mwadi, mke wake. Fidélie akaapa. Kisha akakaa akatunga nyimbo zinazoingia katika kile kifua kilichobaki.

Banza aliendelea na mawe. Juma lililopita akafa.

Kilio kilikuwa kwa Mwadi, avenue ya nne kutoka kwetu. Fidélie alikwenda siku ya kwanza, akaambiwa mlangoni na shemeji za marehemu kwamba ni heri arudi kwake, vijana wana hasira. Hesabu yao ilikuwa rahisi: diski ya usingizi iliua bendi, bendi ilipokufa Banza akabaki na mawe peke yake, mawe yakamuua. Kwa hiyo aliyeua ni nani? Fidélie akarudi. Hakulia barabarani. Alilia nyumbani, nilimsikia, ukuta ni uleule.

Siku ya kuzika, mchana, nikasikia nyimbo za matusi kutoka upande wa kwa Mwadi, nikajua vijana wamelichukua sanduku la maiti. Kwa wageni nieleze: akifa kijana, wenzake wanaweza kuinyang'anya familia maiti yao. Wanabeba sanduku mbio mitaani, wamejipaka majivu, wameshika matawi, na wanasema si wao wanaoongoza, ni marehemu anawasukuma mabegani. Na marehemu, wanasema, anakwenda kwa aliyemuua. Nimeona nyumba moja ikibomolewa hivyo, na mwenye nyumba mpaka leo hajarudi.

Niliingia kwa Fidélie bila kubisha. Alikuwa mezani, amevaa kitenge cha msiba, na mkononi ana waya.

"Banakuya huku," nikamwambia. "Toka kwa nyuma, upite kwangu."

"Sikimbii, Mama Bénie."

"Basi ubaambie. Ubaambie pumuzi yake iliisha diski haijatoka. Maneno moja tu, na banaenda."

"Niliapa."

"Mwenye uliapia amekufa."

"Njo maana," akasema. "Haiko tena na namna ya kunifungula kiapo."

Nilitamani kumpiga kofi. Nikamwambia kwamba mimi sikuapa kitu, nitasema mimi. Akaweka waya chini, jambo ambalo sijamwona akilifanya katikati ya mzunguko, akanishika mkono kwa nguvu.

"Uliiba ile maneno ku ukuta. Haiko yako."

Nje geti lilipigwa. Si kwa mkono. Walipiga kwa sanduku, upande wa miguu, mara moja, wakarudi nyuma, wakapiga tena, na bawaba ya juu ikang'oka. Wakaingia. Huenda walikuwa thelathini, wamejaa uwanja mzima, jasho linachimba njia katika majivu usoni. Mmoja alibeba dumu la petroli la lita tano, hakulificha. Mbele ya sanduku, bega la kulia, alikuwa Pitshou, mvunja mawe wa Kakontwe, mtu aliyelala mlangoni mwa ukumbi enzi za "Nyundo" ili apate nafasi ya mbele. Miaka saba alipita hapa kwa baiskeli akimwigizia Fidélie diski ya usingizi, anavuta maneno kama mlevi. Leo hakuwa anacheka.

"Weye mwanamuke," akasema. "Banza njo anatusukuma. Siye tunabeba tu."

Fidélie alisimama mlangoni mwa karakana. Mimi nilibaki nyuma yake.

"Muko batu ya kumupenda," akamjibu. "Minye pia."

"Kama ulimupenda, umurudishie muziki yake. Upige 'Nyundo' hapa, tumuzike nayo kama mwanaume. Ao useme mbele yake kama weye njo ulimuua."

Mwenye dumu alifungua kifuniko. Harufu ilinifikia palepale, na nikamtazama Fidélie kwa macho yote niliyonayo. Sema. Alikuwa na neno moja la kujiokoa, na alilibana kwa meno.

"'Nyundo' sitapiga," akasema. "Nitapiga yenye alichagua yeye mwenyewe."

Akatoa gitaa kavu nyuma ya mlango, akaketi juu ya moteri kubwa iliyokufa, na akaanza wimbo wa kwanza wa diski ya usingizi.

Matusi yaliyolipuka hapo siwezi kuyaandika. Vijana wa nyuma wakaanzisha "Nyundo" kwa sauti zote ili wamfunike. Lakini hao walikuwa wamekimbia na sanduku tangu kwa Mwadi, juani, na wengi wao ni watu wa mawe. Mstari wa kwanza ulitoka mkali. Wa pili ukakatika. Mmoja aliinama akikohoa, mwingine akamfuata, na "Nyundo" ikafia hapo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuisikia ikifia mstari uleule, katika karakana ileile.

Pitshou hakukohoa, alikuwa na njia yake. Akaanza kumwigizia kama alivyozoea, anavuta maneno, ulimi nje, ili wenzake wacheke:

"Mama fungula... niko ku mulango..."

Wachache wakacheka. Fidélie hakuinua kichwa. Akaacha kimya kile kipite kama kilivyo kwenye diski, akapiga tena, na Pitshou akaingia:

"Sina mbio... nipe tu kiti..."

Kikohozi kikamshika. Akageuza uso, akakohoa juu ya bega lake, akameza, na gitaa lilipofika kwenye mstari unaofuata yeye alikuwa tayari. Aliingia sawasawa. Akaimba mstari huo mzima, na katika uliofuata kikohozi kikarudi, na kimya cha wimbo kilikuwa palepale kikimngoja.

Uso wake ukabadilika. Ulimi ukarudi ndani. Akaimba ubeti wa pili bila mzaha, polepole, akisikiliza kila alipopumua, na nikamwona anawatazama wenzake walioinama, kisha sanduku begani mwake, kisha vidole vya Fidélie.

"Mutue," akawaambia.

"Pitshou, tumalize," akasema mwenye dumu.

"Nimesema mutue."

Wakalishusha sanduku chini, kati ya mafungu ya waya mweusi. Pitshou akachuchumaa kando yake, mkono juu ya kifuniko.

"Hii wimbo iko na mahali ya kukohoa," akasema.

Fidélie aliendelea kupiga, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Yaya Fidélie," Pitshou akasema, na hilo *yaya*, yaani dada mkubwa, ndilo lililoniambia kwamba hatutachomwa moto leo. "Ile wakati ya diski alikuwa tayari mugonjwa?"

"Minye sijasema kintu."

"Najua. Njo maana ku diski unanyamaza na yeye ananyamaza, pamoja, mahali moja."

Walikaa vile, vijana thelathini wenye majivu, wakiusikiliza mpaka mwisho wimbo walioutupia maji. Mwenye dumu alifunga kifuniko, akalisukuma dumu kwa mguu mpaka nyuma ya ukuta, akawa kama si lake. Kisha wakalibeba sanduku, wakalirudisha kwanza kwa Mwadi, kwa familia, kama inavyotakiwa, na kutoka pale tukaenda makaburini kwa mwendo wa wimbo ule. Fidélie alipiga njia nzima. Wanaume waliimba na kukohoa, na wimbo haukuharibika. Mimi nami niliimba. Sisemi kwamba nimeanza kuipenda roki, na kwanza ile si roki tena, ni kitu kingine ambacho hatukukipa nafasi. Nasema tu kwamba nilijua siri miaka saba na bado niliisikia ile diski kama usingizi. Kujua sababu hakukunifungua masikio. Ilibidi nione watu thelathini wakipumulia ndani yake.

Baada ya kaburi kufunikwa udongo, Pitshou alimsogelea Fidélie. Nilikuwa karibu, na safari hii hakukuwa na ukuta.

"Yaya. Mwenye kuimba vile, aliishi myaka ngapi?"

Fidélie alimtazama. Kiapo kilimkataza. Banza alikuwa chini ya miguu yao, na aliyeuliza alikuwa juu, hai.

"Saba," akasema.

Pitshou akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anahesabu kitu.

"Acha mawe," Fidélie akamwambia. "Kuya ku karakana. Nitakufundisha waya."

Akacheka. Nikakijua kicheko hicho, nilishakisikia kwa Banza kupitia tofali, na nikakasirika hata kaburini, nikataka kumwuliza wanaume hawa wanacheka nini.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafagia mbele. Fidélie alikuwa ameshaketi mezani, geti lake limeegemezwa ukutani bila bawaba. Pitshou akatokea kwa baiskeli, anaelekea Kakontwe, nyundo imefungwa nyuma kwa mpira. Alipofika kwetu akapunguza. Akaweka mguu mmoja chini. Hakuigiza chochote. Fidélie alimwona, najua alimwona, ila alikuwa katikati ya mzunguko na hakusema neno.

Pitshou alisimama hivyo, mguu mmoja chini na mmoja kwenye pedali, na mimi nikaacha kufagia. Akakohoa mpaka akashika usukani kwa mikono miwili.

Kisha akashuka.