Afande Aliyefundishwa Kudai kwa Upole

Nilipostaafu uaskari jela nilidhani nimemalizana na watu wasiopenda kuniona. Wapi. Pensheni ilikuwa bado haijaanza kuja sawasawa pale tajiri mmoja wa Jinja aliponiita dukani kwake, duka ambalo babu yake, aliyetoka India, ndiye aliyelijenga. Anauza mabati, nondo, misumari na rangi kwa jumla, na wenye maduka madogo wa Mbale huchukua mali kwake kwa mkopo. Kuchukua wanachukua vizuri sana. Shida huanza siku ya kulipa, simu zinapozimwa zote kwa pamoja kana kwamba umeme umekatika mji mzima.

Hakunificha kwa nini alinichagua. Alisema mimi ni mrefu, nina sauti, na kwa kuwa nimeishi na wafungwa maisha yangu yote, mtu akiniona mlangoni atalikumbuka deni lake bila kukumbushwa. Nikajibu sawa, bwana. Akanipa kazi kwa majaribio. Amri ya namna hiyo naielewa.

Kisichonielea ni kilichofuata. Binti yake, ambaye ndiye anayeshika hesabu za duka, alikuwa amesikia kwamba siku hizi wateja hawatishwi. Baba na mtoto walibishana kwa lugha yao, mimi nimesimama katikati kama gunia la saruji lisilojulikana litapelekwa wapi. Mwishowe nikaambiwa niende kwenye mafunzo ya kudhibiti mikopo na kukusanya madeni. Yaani nimeajiriwa kwa sababu ya sauti, halafu nalipiwa ada nikafundishwe kuificha. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mke wangu maana yake ni nini. Akaniambia maana yake ni mshahara, nikalale.

Mafunzo yalikuwa katika ukumbi mmoja hapo mjini. Mwalimu alikuwa msichana mdogo kuliko kifungua mimba wangu, mwenye kalamu nene ya rangi mkononi na subira ya muuguzi. Alituambia kwamba deni bovu huzaliwa siku ile ile mali inapotoka dukani, kwa sababu hakuna aliyeuliza mteja huyu ni nani, anaweza kubeba mzigo wa kiasi gani, na atalipa lini. Hapo nilitikisa kichwa. Hata jela humpi mtu panga la shambani kabla hujamjua. Akaendelea: usimdai mtu mbele ya majirani zake, usimsimamie mtu kichwani, usipandishe sauti, usile chakula chake. Muulize yeye mwenyewe atalipa nini na lini, kisha nyamaza. Usikijaze kimya hicho. Kiache kifanye kazi.

Hapo ndipo nilipopotea. Kazini kwangu kimya kilikuwa na maana moja tu, na kila mfungwa aliijua. Nikanyoosha mkono nikauliza kama mtu akinyamaziwa hataogopa zaidi. Mwalimu akacheka kidogo, akasema, “Mzee, inategemea uso.” Darasa zima likanigeukia, likautazama uso wangu. Tulipofanya maigizo ya kudai, nilishusha sauti mpaka mwenzangu akaniuliza kama ninaumwa. Hata hivyo nilipewa cheti.

Nilikabidhiwa kwanza deni la mama mmoja wa Namakwekwe, mtaa wa Mbale, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa amevuka kila tarehe aliyopewa. Tajiri alisema mwezi ukiisha bila malipo, deni hilo atampa dalali wa mahakama, na dalali hana cheti cha upole: atakuja na lori, atazoa rafu zote mpaka misumari ya mwisho. Mama huyo alikuwa mjane, na duka hilo ndilo lililomlisha yeye na watoto wake. Mimi nikaapa moyoni kwamba lori hilo halitakuja. Sikujua nimeapa kwa ajili yake au kwa ajili ya kibarua changu.

Kilichonitatiza tangu mwanzo ni kwamba simu yake haikuzimwa hata mara moja. Alipokea, akanisalimia, akauliza hali ya nyumbani kwangu, akakiri kila shilingi. Mwalimu alikuwa ametufundisha namna ya kumshika anayekana na anayejificha. Kuhusu anayekubali kila kitu hakutufundisha chochote.

Nilifika kwake asubuhi, akanikaribisha kwa salamu ndefu ya kwao, mulembe, mulembe, habari za watoto, habari za mvua za Jinja. Lugha yake siijui. Luganda yangu huchekesha hata mbuzi. Mimi nilizaliwa katika kambi ya jeshi, baba yangu askari kutoka kaskazini, na Kiswahili ndicho nilichochezea utotoni. Basi tukaongea Kiswahili. Nilimwomba asiniite afande, kwani nimestaafu. Akasema, “Ndiyo, afande.”

Aliniweka kwenye benchi ndani ya duka, nami nikaanza somo langu. Nikamuuliza kwa sauti ya mgonjwa yeye mwenyewe anaona atalipa nini na lini, kisha nikanyamaza. Naye akanyamaza. Tulikaa hivyo, yeye akipima misumari na kuimwaga tena, mimi nikitazama makopo ya rangi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilingoja mshindo huo mpaka mgongo ukaniuma.

Mwishowe akanieleza. Mafundi wa mtaani wamechukua saruji na rangi kwake, nao wanangoja kulipwa na wenye nyumba, na wenye nyumba wanangoja kahawa iuzwe. Anadai zaidi ya anavyodaiwa. Nikaona hapa ndipo elimu yangu itamfaa. Nikamwambia asitoe mali bila tarehe, amwekee kila mtu kikomo, na mtu asipolipa asipewe tena. Alinisikiliza kwa heshima zote, halafu akasema, “Afande, huyu ni jirani yangu. Mimi nikikufa, yeye ndiye atachimba kaburi. Sasa mimi nitamwambia nini? Kwamba yeye amepita kikomo?”

 Mchana aliniletea malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga. Nikakataa, kwa kuwa nimefundishwa kukataa, na uso wake ukaanguka kama nimemtukana mama yake mzazi. Tangu hapo mpaka jioni hakusema nami ila kwa lazima. Nililala katika nyumba ya wageni ya bei rahisi huko Malukhu, nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani. Kesho yake alipoleta chakula nilikula nikalamba vidole. Liwalo na liwe.

Lakini hata siku hiyo mambo hayakusogea, na nikaona jambo jingine lisiloeleweka. Wateja walikuja mpaka mlangoni, wakachungulia, wakasalimia, wakaondoka. Nilidhani ni haya ya watu wa pale. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu sikupewa jembe. Mama alisema dukani hamna nafasi, akaniomba nimsaidie kulitoa benchi nje, nikae barazani penye hewa. Nikalibeba, nikakaa barazani, mikono magotini, mgongo wima kama nilivyozoea kukaa, nikiitazama barabara. Mpaka leo sijui kama yule mama alijua anachokifanya. Nimejiuliza mara nyingi, na kila mara napata jibu tofauti.

Wa kwanza kuja alikuwa fundi mwashi. Aliingia upande upande akiniangalia, nikasikia noti zikihesabiwa ndani, akatoka. Akasimama mbele yangu akasema, “Afande, mimi nimelipa. Muulize mama.” Nikamwambia karibu. Akaondoka karibu akimbie. Baadaye alikuja kijana wa bodaboda aliyekuwa amechukua bati, kisha mama mwenye saluni aliyechukua rangi. Kila mmoja alilipa, na kila mmoja alipita kwangu kunitaarifu. Mimi sikuwa nimemdai mtu yeyote kitu chochote. Nilikuwa nimekaa tu.

Nikaanza kuelewa kidogo. Mtaa mzima uliamini kwamba mama ameleta afande kutoka serikalini kumkusanyia madeni yake. Ningeweza kusimama nikasema si kweli. Nilifikiria. Nikafikiria lori la dalali, nikafikiria kibarua changu, nikakaa. Na nitasema ukweli: nilifurahi. Dawa ya deni ni kulipa, na hapa watu walikuwa wanalipa bila tusi, bila kofi, bila sauti. Kama huo si upole, upole ni nini?

Siku iliyofuata mama alimtumia tajiri pesa zake zote kwa simu. Nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza, akapanga makopo ya rangi upya kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Lori halitakuja. Muda si muda tajiri akanipigia. Aliuliza nilisema maneno gani, kwa sababu anataka wengine wajifunze. Nikamjibu sikusema neno. Akasema kwa furaha kwamba sasa ameelewa yale mafunzo, na kwamba majaribio yangu yameisha, kazi ni yangu. Baada ya hapo niende kwenye maduka yote ya Mbale yanayodaiwa, nikae hivyo hivyo. Nilikata simu nikiwa mtu mwenye kazi ya kudumu asiyejua anaifanyaje.

Nilikuwa nainuka kwenda stendi ya teksi alipokuja mzee mmoja. Alivaa koti zito mchana wa jua, viatu vyake vimepigwa kiwi. Hakuingia dukani. Alinijia moja kwa moja, akavua kofia, akaweka noti zilizokunjwa kwenye benchi kando yangu, akiwa mwangalifu asinisogelee mno.

“Afande,” alisema, “mimi sijui nadaiwa kitu gani. Lakini chukua hii. Muniache.”

Kabla sijazigusa noti hizo alikuwa ameshageuka anakwenda. Nikamwita mama, nikamuuliza mzee huyu anadaiwa nini. Alitoka, akautazama mgongo wa yule mzee, akaweka mkono mdomoni. Alisema ni mpangaji wa nyuma ya duka, anashona viatu, na hajawahi kukopa kwake hata msumari mmoja. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba zamani za utawala wa wanajeshi askari waliokuwa wakisema Kiswahili walikuja kwa mzee huyo siku moja, wakamchukua kaka yake, na kaka yake hakurudi.

Nilishika zile noti nikamfuata. Sikufikiri. Nilichotaka ni kumrudishia pesa zake tu, basi. Aliposikia hatua zangu akaongeza mwendo, nami nikaongeza mwendo. Pikipiki zilikuwa zinapita, watu wanatutazama, na mimi nilikuwa nimechanganyikiwa na kukasirika, nikiogopa atapotea kati ya nyumba za kupanga nibaki na pesa yake mkononi. Ndipo sauti yangu ikatoka, ile yenyewe, ile ya uwanja wa gereza.

“Mzee. Simama hapo.”

Akasimama. Hakugeuka. Aliinua mikono yake yote miwili juu, kofia bado i mkononi, na akabaki hivyo katikati ya njia.

Nilimwambia hana deni. Nilimwambia kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha niliyokuwa nayo, na nilishusha sauti kadiri nilivyofundishwa, na kila nilipoishusha zaidi mabega yake yalipanda zaidi. Nilinyoosha noti nikaona anafumba macho. Nikanyamaza, na kimya changu kilikuwa kibaya kuliko maneno. Sikujua nifanye nini na mwili wangu. Nilitamani kuwa mtu mfupi.

Yule mama alifika akihema, akazichukua pesa mkononi mwangu. Hakuwa na hasira. Aliniambia tu niondoke pale, niende mahali ambapo mzee hatanisikia wala hataniona. Nikaenda nyuma ya ukuta wa kinu cha kusagia mahindi, mtu mzima na cheti changu, nikasimama pale nikimsikia akisema na mzee kwa lugha yao, taratibu, muda mrefu, maneno nisiyoyajua hata moja.

Nilipochungulia, mzee alikuwa ameshusha mkono mmoja kupokea pesa zake. Ule mwingine, wenye kofia, ulikuwa bado uko juu.