Alama Mlangoni mwa Gari

Habari ya kifo chake niliipata Garsen, dukani nilikoingia kununua sukari. Mwenye duka alikuwa akinipimia huku akisema, kwa sauti ya kawaida tu, "Yule mzee wa gari ametangulia. Wamemzika jana huko Tarasaa, kabla ya laasiri." Sikuuliza mzee gani. Wenye magari hapa kwetu ni wengi, lakini mzee wa gari alikuwa mmoja, na gari lake hata halikuwa likitembea. Nililipa nikatoka, sukari nikaiacha pale pale. Mungu amrehemu. Nimesikitika kuliko nilivyotarajia, maana hatukuwa marafiki wa kulala nyumba moja, tulikuwa watu wa kusalimiana na kutaniana.

Alikuwa Muorma, mfugaji na muuza ng'ombe, na kwa miaka mingi alipeleka mifugo Malindi kwenye hoteli ya mgeni mmoja wa Ulaya. Mgeni alipofunga hoteli ili arudi kwao, alimwomba wabadilishane: yeye apewe maksai, maana maksai huuzika asubuhi moja, na mzee achukue gari lake la mbio. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, tumbo karibu liguse ardhi. Mgeni akamweleza kwamba magari ya kawaida ya aina ile yamejaa duniani, lakini la namna hii kiwanda kilitengeneza machache tu kwa makusudi. Ya kawaida yakizeeka bei hushuka, na haya machache yakizeeka bei hupanda. Sisi tulicheka. Mzee hakucheka, kwa kuwa jambo hilo alilijua tangu utotoni: ng'ombe mwenye rangi isiyo na mwenziwe zizini hauzwi ovyo. Gari likaletwa juu ya lori, maana udongo wetu mweusi ungelimeza mara mvua ya kwanza inyeshapo, akalijengea kibanda na kukizungushia boma la miiba. Nilipomtania kwamba amefuga kitu kisichotoa maziwa, akanijibu, "Hii ni ndama, ndugu yangu. Ikikua, utakuja kunisalimia kwa adabu."

Kisha akafanya jambo ambalo mfugaji yeyote, kuanzia Ndera hadi Madogo, angelifanya. Kwetu mnyama mwenye alama ya mtu mwingine ni kesi. Atakayekukuta naye atauliza ulimtoa wapi, na jibu lako litasikilizwa kwa shaka hata likiwa la kweli. Ndani ya mlango wa gari mlikuwa na kibati kidogo chenye namba, ambacho mgeni hakuwahi kukitaja. Mzee alipokiona, aliona chapa ya mwenye mali wa zamani. Akakifungua, akakitupa mtoni mbele ya mashahidi, watu wasije wakasema ameficha kitu. Halafu akachukua patasi, akachonga mlangoni alama ya ukoo wake, ileile iliyokuwa kwenye mapaja ya ng'ombe wake. Nilikuwepo. Alichonga polepole, kwa raha, na alipomaliza akaipaka samli.

Mvua ile kubwa ya mwaka juzi ilileta mafuriko, na nyuma ya mafuriko yakaja maradhi ya mifugo. Zizi lake likabaki miiba mitupu. Wanawe wawili wakaanza kuzungumzia kazi ya ulinzi Mombasa, na mzee hakutaka kingine duniani ila mitamba michache ya kuanzia, vijana wasiondoke. Ndipo akasema ndama amekua. Mnunuzi akaja kutoka Mombasa, mtu aliyejua magari ya namna hiyo, akalizunguka akitabasamu hadi alipofungua mlango na kukuta matundu mawili ya skrubu.

"Mzee, kibati kiko wapi?"

"Ile alama ya Mzungu? Nilitupa mtoni. Gari ni yangu."

Yule mtu akachuchumaa pale pale. Akamweleza, kwa heshima kabisa, kwamba bila kibati kile hakuna mnunuzi atakayesadiki kuwa hili ni mojawapo ya yale machache, na kwamba hata la kawaida, mradi halikuchongwa mlango, sasa lilikuwa na bei kubwa kuliko hili.

"Sasa mwanangu," mzee akamwuliza, "ningelala vipi na mali yenye alama ya mtu?"

Mnunuzi alitaja bei isiyofika mtamba mmoja, mzee akamkaribisha chai, wakaagana vizuri. Vijana wakaondoka mwezi uleule.

Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, na mwenyeji akaugua. Lakini simlaumu mgeni, wala sithubutu kumcheka mzee tena, na inaniuma kwamba niliwahi kumcheka. Nilidhani uchache ndio wenye bei. Kumbe bei hukaa kwenye alama, na alama inayolipa ni ile inayosomwa na mwenye fedha. Ya mzee tuliisoma sote huku kwetu, tukamheshimu kwayo, lakini sisi hatununui magari ya mbio. Alipoteza mali kwa kuogopa kuitwa mwizi, na soko halina mahali pa kuandika uaminifu wa namna hiyo.

Wanawe walifika Tarasaa baba yao ameshazikwa. Nasikia wameliuza gari kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, lote isipokuwa mlango mmoja. Mkubwa aliung'oa akaufunga kwenye lango la zizi. Ndani hamna ng'ombe hata mmoja, lakini anayepita anajua ni kwa nani.