Diski Mbili za Baba

Baba yangu alikuwa mpiga video wa harusi na misiba. Studio yake ilikuwa Iringo, lakini kazi zilimfikisha hadi Butiama na Bunda. Nyumbani hakuwa na subira na mtu, ila kwenye kuchomoa diski alikuwa mpole kama anayembeba mtoto aliyelala. Alikuwa na diski mbili za nje, amezifunga pamoja kwa LVM, programu ya kuunganisha diski, kwenye kompyuta yake ya Linux, zikawa ghala moja. Kabla ya kuzichomoa alifunga kila faili, akashusha ghala, yaani akalitenga na kompyuta, akalizima kundi zima la diski, ndipo akangoja taa zizimike.

Mimi nilinuna pembeni, maana kazi ya kuzirudisha kabatini ilikuwa yangu. Nikimharakisha, alinijibu bila kugeuka: “Mtu akiwa bado anatumia, hatuchomoagi.” Natamani mno kungoja vile tena.

Baada ya matanga yake, ukoo ulikaa kugawa mirathi. Ng'ombe, kamera, masufuria. Baba mdogo akazinyanyua zile diski, moja kila mkono.

“Vitu viwili, watoto wawili,” akasema. “Ugumu uko wapi?”

Nikajaribu kueleza kwamba ni kitu kimoja, kwamba hii bila ile haifunguki. Wakaniambia nisianze uchoyo kaburi halijakauka. Kaka yangu akaondoka na yake kwenda Nyamuswa, mimi nikarudi na yangu Bweri.

Kilichoniuma ni mama. Alitutoka nikiwa mdogo, na sauti yake pekee iliyobaki ilikuwa kwenye video moja ndani ya ghala lile.

Wiki chache baadaye kaka akanipigia simu. Laptop yake ilikuwa haiielewi diski, inamuuliza kama aifomati, yaani afute kila kilichomo. Akataka kujua akubali au vipi. Nikamwambia asibonyeze kitu chochote, aifunge kwenye nguo, apande basi aje.

Akaja nayo imeviringishwa kwenye sweta. Tukazichomeka zote mbili kwenye kompyuta ya baba niliyobaki nayo, kundi likaamka, nikaitafuta ile video. Mama yuko ufukweni, anaanika dagaa, anamgombeza baba.

“Unanipigaga picha sijafunga hata kilemba. Wewe mwanaume una nini?”

Kaka alicheka, kisha akalia bila kujificha. Nami nikalia.

Muda wa basi lake la kurudi ulipokaribia, nikaanza kufuata utaratibu wa baba. Nikaiambia kompyuta ishushe ghala. Ikagoma. Ilisema bado linatumika.

Nikageuka. Kaka alikuwa ameisimamisha video kwenye uso wa mama, na mkono wake ulikuwa bado juu ya kipanya.

“Bado, mdogo wangu,” alisema.

Nikaziacha taa za diski zikiwaka, nikaenda jikoni kumsongea ugali.